Audrey Pilling na Vitenzi vya Watu wa Bacup

Ndugu waombolezaji, mimi ni Clive, mtoto wa kwanza wa marehemu, na familia imenituma nisome maisha ya mama, kazi ambayo yeye mwenyewe angeifanya vizuri zaidi, kisha angenisahihisha.

Marehemu Audrey Pilling alizaliwa tarehe 14 Machi 1936 hapahapa Bacup, Lancashire, akiwa binti pekee wa Harold na Edith Tattersall, wote wafumaji wa kiwanda cha pamba, akasoma shule ya msingi ya kanisa, na mwaka 1947 akafaulu mtihani wa kuingia sekondari ya wasichana, ambako mwalimu mmoja wa Kifaransa alimuuliza kwa nini sisi Waingereza tunasema hivi na si vile, na swali hilo likamkaa kichwani miaka sabini.

Septemba 1957 aliajiriwa na wachapishaji wa kamusi ya wageni wanaojifunza Kiingereza, akifanyia kazi nyumbani na kutuma vikaratasi vyake kwa posta kila Ijumaa, na kazi yenyewe ilikuwa kuchunguza vitenzi vyetu hutembea na nani, kipi hudai kitenzi kingine nyuma yake, kipi hutaka kwanza kiwekewe mtu katikati, na kipi hakiendi popote bila kineno kidogo cha kukishika mkono. Hadi uzeeni alistaajabia kitenzi cha kutazama, ambacho kikipewa kineno kimoja huwa kutunza, kikipewa kingine huwa kupeleleza, kikipewa kingine tena huwa kudharau, na macho ni yaleyale. Vitenzi vya vitabuni hakuviamini sana, alivifuata kwenye foleni ya bucha, akiandika sentensi, jina la msemaji na tarehe, hata bwana Entwistle mwenye bucha akimwona tu akawa anapaza sauti, “Jamani, fungeni midomo, Audrey huyo!”, na hiyo nayo aliiandika.

Tarehe 3 Juni 1961 alifunga ndoa na Derek Pilling, fundi wa mabasi, katika kanisa hili la Kimethodisti, na marehemu baba alipenda kusimulia kwamba siku ya kumposa aliombwa arudie polepole. Walijaliwa watoto wawili, mimi mwaka 1962 na dada yangu Lorraine mwaka 1965.

Hapa sina budi kusema jambo ambalo familia tumelizunguka miaka mingi. Jumapili tarehe 10 Oktoba 1982, nyama ya kuoka ikiwa mezani, Lorraine alimlilia mama, “Maneno yangu unayasikia, mimi mwenyewe hunisikii!”, na mama, badala ya kujibu, akachukua kalamu akaandika. Lorraine alitoka bila koti, akahamia mji wa Hull kwa shangazi, akawa anarudi kwa misiba tu, na kila kamusi ilipotoka upya aliingia dukani kuipekua, akitafuta kilio chake miongoni mwa mifano. Hakukiona, lakini hakuacha kutafuta, nami nilikuwa upande wake, nasema wazi, nilimkasirikia mama.

Novemba 2018 mama aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, na tarehe 6 Januari 2019 Lorraine alikuja, hata hajavua skafu akauliza, “Mama, kwa nini uliandika?” Mama akamjibu, “Sikujua mikono niishikishe nini, mwanangu, ikashika kalamu. Kikaratasi kile sikukituma. Nilikichoma kabla hatujaosha sahani. Haya, kaa, uniambie siku ile ulitaka kusema nini.” Lorraine akakaa, akasema hadi giza likaingia, na kesho yake akaendelea, na mama hakumkatiza hata mara moja.

Alifariki nyumbani tarehe 21 Februari, saa tatu na robo asubuhi, akiwa mikononi mwa Lorraine.

Tunawashukuru daktari wake na wauguzi waliomjia nyumbani, majirani waliotuletea nyama na viazi vya kuoka na kumvumilia akiwasikiliza kupitia ukutani, na wenzake wa kamusi waliotuma maua. Jana nilimuuliza Lorraine kama amemsamehe mama, akaniangalia kana kwamba nimeuliza upuuzi, akasema, “Wiki sita tu nimempata, Clive, na bado nilikuwa sijamaliza kumsimulia.”

Pumzika, mama, na amani ikufunike.