Mzee Gordon Ogari na Kisima cha Kiptere

Tarehe 31 Oktoba 1997, Mzee Gordon Ogari anastaafu baada ya kuitumikia idara yetu ya visima hapa Kericho kwa miaka thelathini na mmoja. Mengi tutayasema siku ya sherehe, na nyama itakuwa ya kutosha. Lakini kuna jambo moja ambalo halijasemwa, nalo linahusu jina lake. Hadi leo wapo wanaoamini kwamba Mzee aliharibu kisima cha Kiptere. Jarida hili lisiposahihisha sasa, ataondoka na lawama hiyo.

Alianza mwaka wa 1966 kama mbeba mabomba kule Kipkelion. Mashine yoyote ikifunguliwa, kichwa chake kilikuwa humo ndani. Mwaka wa 1974 alipelekwa kozi Nairobi, akarudi na kifaa ambacho hatukuwa tumewahi kukiona: chuma chembamba, kirefu kuliko mtu, kinachoshushwa kisimani kwa kebo ili kupima miamba ya chini. Kinapeleka umeme kwenye mwamba. Mwamba mgumu unaukataa, uliopasuka na kushika maji unaupitisha, na huku juu kalamu inachora yote kwenye karatasi. Mzee akishasoma chati hiyo, anakuonyesha mahali pa kuweka mabomba yenye matundu ili maji yaingie. Na maji yalikuwa yanaingia.

Kifaa hicho alikipenda, jamani! Kwenye Land Rover kilikaa kiti cha mbele, kimefunikwa blanketi. Meneja wetu, Bwana Onsongo, alipokuja mara ya kwanza kukagua kazi Bomet, alikalishwa nyuma pamoja na mabomba, na suti yake mwilini. Mzee alimweleza kwa heshima zote kwamba meneja akigonga kichwa atatibiwa, lakini kifaa hakina hospitali. Mafundi tisa wamepita mikononi mwake, akiwemo Jentrix Adoyo ambaye sasa anachukua nafasi yake, na wote wanajua ukali wake.

Ukali huo ulikuwa hasa juu ya kebo. Kebo ina utepe mwekundu kila mita kumi, na tepe hizo ndizo zinazotuambia kifaa kimefika kina gani. Ukikata mwisho ulioharibika, alama zote zinaanza kudanganya. Kwa hiyo ukikata ni lazima uandike kwenye daftari, kisha kebo inanyooshwa barabarani katikati ya mashamba ya chai na kupimwa upya. Wachuma chai walizoea kutucheka, eti tunaanika waya.

Machi 1994 tulichimba kisima cha zahanati ya Kiptere. Akina mama wa huko, wakiongozwa na Mama Tecla Chelang'at, walikuwa wamechoka kupanda mlima na mitungi kutoka mtoni, na mjamzito akienda kujifungua alibebewa maji yake. Wiki moja kabla, kule Kipkelion, Mzee akiwa likizoni, kifaa kilikwama na kebo ikachubuka. Fundi mmoja wa winchi, ile mashine ya kushusha na kupandisha kebo, alikata mita sita, akafunga kiungo kipya, na hakuandika kitu. Haraka ya nini? Dada yake alikuwa anaposwa Bomet kesho yake, na kwenye koito, sherehe ya posa ya kwetu, kaka hawezi kukosa kuketi na wazee. Mzee aliporudi alimuuliza, kama kawaida yake, kama kebo imeguswa. Fundi akajibu iko sawa tu.

Sawa wapi! Chati ilionyesha mwamba wenye maji mita tisini na tano, kumbe ulikuwa themanini na tisa. Tukaweka mabomba yenye matundu chini ya mwamba wenye maji, halafu juu yake tukaziba kwa udongo, pale pale maji yalipokuwa. Siku ya kufungua, mbele ya chifu na kwaya, pampu ilikohoa ikanyamaza. Mama Tecla alilia waziwazi. Bwana Onsongo alimwandikia Mzee barua ya onyo, kwamba hajui tena kusoma chati.

Mzee hakubishana. Alinyoosha kebo barabarani, akina mama wakamshikia, akapima. Mita sita hazipo. Akakigeuza kile kiungo mkononi. Utepe uliokifunga ulikuwa umezungushwa na mtu wa mkono wa kushoto, na kwenye kikosi wa kushoto alikuwa mmoja. Akamtazama fundi, kisha akaagiza mabomba yatolewe. Tulitoa mabomba, tukasafisha kisima, tukapima tena, na siku ya nne maji yalitoka. Akina mama walimmwagia Mzee maji, kofia na koti vikalowa, wakamwita arap Ogari, kama mwana wa kwao. Lakini kwenye ripoti aliandika kwamba alishusha kifaa bila kupima kebo, na kosa ni lake. Mwaka huo alikuwa apandishwe kuwa fundi mkuu. Hakupandishwa, wala baadaye.

Fundi yule ni mimi ninayeandika. Nilikuwa nimebakiza miezi miwili kuthibitishwa kazini, nina watoto watatu, na Mzee alijua. Nilipomwendea kushukuru, alinigombeza mpaka masikio yakawaka moto, akaniambia niache maneno nikapime kebo. Nimenyamaza miaka mitatu na nusu. Kila walipomtania kuhusu Kiptere alicheka nao, na mimi aibu ikanila.

Bwana Onsongo, barua yangu ya kukiri iko mezani kwako tangu asubuhi. Naomba ile ya onyo itolewe kwenye faili lake kabla hajakabidhi ofisi. Kama kuna adhabu, mimi nipo.

Asante, Mzee, kwa visima zaidi ya mia mbili, kwa mafundi uliowalea, na kwa ugomvi wako wote. Sisi sote tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na maisha ya raha huko nyumbani. Lawama uliibeba wewe ili watoto wangu wale. Leo naichukua, ni yangu.

Weldon Kimutai, fundi wa winchi