Mpaka Mstari wa Buluu: Wasifu wa Shangazi wa Dirisha la Kupakulia

Mwenzangu uliyeikuta karatasi hii imekunjwa ndani ya ratiba ya sherehe, nakusihi isome peke yako. Usiisome kwa sauti, usimwonyeshe mtu wa ofisi ya juu, na ukimaliza usiisahau kwenye meza ya chai. Neno moja la humu likimfikia meneja wetu, mimi sina pa kujificha. Ratiba yenyewe ina wasifu mwingine, mzuri, wenye picha, na ule pia niliuandika mimi kwa kuagizwa. Lakini ule ni yai lililotolewa kiini. Kiini kiko huku.

Mwisho wa mwezi huu Shangazi wetu wa dirisha la kupakulia anastaafu, baada ya miaka thelathini na moja ya kuwatumikia wageni wa bustani hii ya burudani. Aliingia akiwa mwosha vyombo, akawa mkata mboga, kisha mpakuaji, na sehemu kubwa ya utumishi wake amekuwa msimamizi wa wapakuaji wote wa mkahawa wa kasri, ule unaotazamana na gurudumu kubwa. Sote tunamwita Shangazi, hata wapishi waliomzidi mvi. Akitupa mgongo tunamwita Nusu, naye anajua.

Jina hilo lina asili yake. Zamani desturi ya mkahawa ilikuwa kumjazia mgeni mpaka sahani ionekane inahema. Mpishi mkuu alikuwa akipita nyuma ya wapakuaji akihimiza: "Mtu kafunga nyumba yake, kaja kufurahi, mjazie!" Siku moja akaja mama na watoto wake wawili. Daktari alikuwa amemwamuru apunguze uzito, na mwaka mzima alikuwa ameweza, kwa sababu kwao alikijua kila kijiko kinachoingia kinywani. Likizo ndiyo iliyomtia hofu. Hapa mtu hapiti kona bila kukutana na harufu ya keki, na kila kinachouzwa ni kikubwa kuliko kichwa cha mnunuzi. Akafika dirishani, akaomba apunguziwe nusu.

"Nusu hatuna, mama, hii ni likizo!" mpakuaji akamjibu. "Utapungua ukifika nyumbani!"

Foleni nzima ikacheka. Mama akaipokea sahani ilivyo, akaenda kuketi, akaila yote, kwa sababu hakutaka watoto wamwone anatupa chakula. Shangazi, wakati huo mkata mboga aliyetumwa kufuta meza, alimtazama tangu kijiko cha kwanza hadi cha mwisho. Amesimulia mara nyingi kwamba hajawahi kuona mtu akila kwa huzuni kama ile mbele ya muziki wa bembea.

Kesho yake mama yule aliporudi, Shangazi alimnyang'anya mwenzake upawa, akachukua sahani ya watoto yenye picha ya joka, akapakua humo wali, kuku na mboga za mtu mzima. "Nusu yako hii, dada. Ukitaka tena rudi, hakuna anayekuhesabu." Mama hakurudi siku hiyo. Alirudi likizo iliyofuata, na iliyofuata tena, na bado anakuja mpaka leo. Mumshike huyo mama akilini, nitamrudia.

Mtu akifanya jema jipya mahali pa kazi, kwanza hushukiwa. Ilipoanza kujulikana kwamba kuna mpakuaji anayetoa nusu, swali likawa moja tu jikoni na langoni: nusu nyingine anaipeleka wapi? Mlinzi wa lango la wafanyakazi akaanza kumpekua kikapu kila anapotoka. Alikuta kandambili, kitana na chupa ya maji. Hakuridhika, maana mtu asiye na kitu kikapuni ndiye wa kuogopwa. "Leo umebeba nini, Nusu?" humuuliza. "Nimebeba kasri," naye humjibu. "Hesabu minara vizuri, usije ukaniibia mmoja." Mlinzi yule amekwisha kustaafu. Aliyerithi lango amerithi na kikapu, na hadi juzi nimemwona akiinua kandambili akachungulia chini yake.

Mpishi mkuu alishuku kitu kibaya zaidi, kwamba Shangazi anawanong'oneza wageni kuwa chakula chake hakifai. "Unawanyima wageni wangu!" alifoka. "Sijamnyima mtu," Shangazi akasema. "Mgeni hakuja hapa kunoneshwa. Si kuku wa banda." Basi wakanuniana msimu mzima, wamesimama bega kwa bega, wakisemeshana kupitia kwa mwosha vyombo. Mwambie bibi huyo wali umeiva. Mwambie bwana huyo pua ninayo.

Wala Shangazi mwenyewe si mtu wa kuamini ovyo. Katika wale wote waliowahi kushuku hapa, yeye ndiye anayeshuku kuliko wote, ila yeye hashuku watu, anashuku vyakula. Saladi huitazama kama mgeni asiye na tiketi. "Majani hayana ubaya," husema, "nionyeshe yamevishwa nini juu." Mchuzi mzito huuita mwizi, na amewafundisha wapakuaji kuuweka kwenye kibakuli pembeni ili mgeni auchovye mwenyewe akiuona. Ile bilauri ya ukumbusho yenye mpini, inayojazwa soda siku nzima, huiita bomba la sukari, ingawa yeye mwenyewe anayo moja na huinywea maji. Bango likiandika "chakula chepesi" huuliza chepesi kwa nani, kwa anayekila au kwa anayekibeba.

Ushauri aliowapa wageni tumeukariri sote kama wimbo wa shule. Usije langoni na njaa, kula kwenu kwanza, maana njaa haisomi bei wala kalori. Ukihisi njaa katikati ya matembezi mpe tumbo maji kwanza, likiendelea kulalamika ndipo ulisikilize. Zunguka vibanda vyote kabla ya kununua. Chagua utamu mmoja kwa siku, ule unaoupenda kweli, uule ukiwa umeketi, na usiombe radhi kwa mtu. Na usidanganywe na miguu: kutembea kutoka langoni hadi kwenye treni ndogo hakufuti keki iliyoliwa njiani. Wageni walimcheka hapo, kisha wakaonekana wakigawana keki moja watu wanne.

Kosa kubwa la mkahawa wetu, hata hivyo, halikutoka kwa adui wa sahani ndogo. Lilitoka kwa marafiki zake. Uongozi wa wakati ule ulipokubali sahani ndogo itolewe kwa yeyote anayeiomba, wapakuaji walitii, lakini roho ziliwauma. Kumpa mgeni kidogo waliona ni kama kumfukuza. Basi wakawa wanaijaza kwenda juu. Kijiko cha wali, kingine cha huruma, kuku mmoja, mwingine wa kumsindikiza, viazi vya kukaanga vikapangwa pembeni kuzuia maporomoko. Ikafika mahali sahani ndogo inabeba kuliko kubwa, na mgeni anaibeba kwa mikono miwili akiamini anajizuia kula.

Shangazi aliligundua siku alipoona sisimizi wakifuata punje za wali kutoka dirishani hadi kwenye meza za nje. Aliwakusanya wapakuaji. Mmoja akajitetea: "Shangazi, mkono wenyewe unakataa kusimama." Yeye akasema mkono usiojua kusimama ujengewe ukuta. Ndipo zikaagizwa sahani zenye mstari wa buluu kuzunguka ndani, vidole viwili chini ya ukingo, na amri ikawa moja: chakula kifike mstarini, kisivuke, na mlima haupandwi. Baadaye yalipokuja mabango ya kalori, yeye aliyaunga mkono kwa sharti. Namba ile, alisema, ni ya sahani iliyopimwa, si ya mkono wa mpakuaji aliyempenda mgeni. Bila mstari, bango linasema uongo kwa herufi nzuri.

Mpishi mkuu naye alisalimu amri. Alipimwa akakutwa na sukari, na kwa siku kadhaa tukamwona anazungukazunguka dirisha kama paka wa jirani. Mwisho akasogea, macho akiyaelekeza kwenye dari.

"Nipe ile."

"Ipi?"

"Ile yako."

"Zangu ni nyingi, kaka."

"Nusu, mwanamke wee! Nipe nusu!"

Jiko zima liligonga sufuria. Tangu siku hiyo hawajawahi kununiana tena, na mpishi mkuu, ambaye sasa ni babu wa wajukuu, ameahidi kuja kwenye sherehe na kijiko chake mwenyewe.

Hayo yote, wenzangu, hayamo kwenye wasifu wenye picha. Meneja wetu mpya aliniita akaniambia: "Andika upole wake, tabasamu lake, ushirikiano wake. Habari za sahani achana nazo." Tabasamu la Shangazi mimi nimeliona mara mbili. Niliandika hivyo hivyo alivyotaka, kisha nikaanza kujiuliza kwa nini sahani zimemkera mtu ambaye hata hali mkahawani kwetu. Kwenye stoo ya nyuma kuna makasha mapya ambayo hayakupitia kwa msimamizi wa wapakuaji. Moja lilipasuka pembeni. Ndani mna sahani za umbo la gurudumu kubwa, pana kama usukani wa lori, hazina mstari wowote. Nilimuuliza meneja kwa adabu, akasema sahani ndogo haipendezi kwenye picha za wageni. Zile za zamani zitahifadhiwa. Wapi, hakusema. Lini, nilijua kwa kuangalia agizo la usafiri mezani kwake: asubuhi ya siku ya sherehe, wakati Shangazi atakuwa anavishwa shada la maua.

Huenda naona majini mchana. Ningetamani iwe hivyo. Lakini wiki iliyopita simu ya ofisi ililia, na aliyekuwa upande wa pili ni yule mama wa kwanza. Anakuja mwezi ujao, safari hii na wajukuu. "Mwanangu," akaniuliza, "bado mnayo ile sahani ya mstari? Maana nyumbani najiweza. Likizo ndiyo huniangusha." Nikamjibu ipo. Nimemwambia ipo, wenzangu, na sitaki afike dirishani achekwe mara ya pili.

Shangazi naye alipoulizwa na kamati anataka zawadi gani, hakutaja kitenge wala saa ya ukutani. Alisema, "Niachieni mstari." Kamati iliandika kwamba hana mahitaji.

Ombi langu ni dogo kama sahani yenyewe. Kabla ya siku hiyo, kila mmoja wetu achukue sahani moja ya mstari wa buluu, aitunze kabatini kwake pamoja na sare. Si wizi, ni chombo cha kazi, na hakitatoka langoni, kwa hiyo mlinzi asipate presha. Siku ya sherehe wenye bustani watakuwepo, na meneja ameshajipangia kutupakulia kwa mkono wake ili apigwe picha. Mpangieni foleni, tabasamuni, na kila mmoja amnyooshee sahani yake na kusema kwa heshima: mpaka mstari, bosi, usizidishe. Mtu mmoja akisema, ni ukaidi. Jiko zima likisema mbele ya wenye mali, itambidi ama apakue mpaka mstari, ama aeleze mbele yao kwa nini hataki. Yote mawili yatatufaa.

Shangazi, wewe hutaisoma karatasi hii, maana ungeizuia. Asante kwa kutufundisha kwamba kumkirimu mgeni ni kumsikiliza kwanza, kisha kumpakulia. Asante kwa ukali wako, uliokuwa na chumvi ya kutosha. Uendako upate kiti kizuri, maji baridi, wajukuu watiifu kiasi, na utamu mmoja kwa siku. Uishi salama, na usiishuku furaha ikikujia. Hiyo haina mchuzi.

Na wewe msomaji, ukikubali, usinipigie simu, ukuta wa ofisi yetu ni mbao na meneja ana masikio ya popo. Usiniandikie, wala usiniite pembeni, tutaonekana. Mimi ni karani wa chini, meza yangu iko nyuma ya kidirisha cha stempu, kando ya mlango wa jiko. Ukipita kurudi zamu, weka kipande cha mkate kwenye kizingiti cha kidirisha, ukiwa umekikata katikati. Nikikikuta nitajua tuko pamoja. Kikiwa kizima, nitajua amepita tu mtu mwema asiyejua lolote, nitakula nusu na kuendelea kungoja.