Klova ya Arvid Kinnunen

Ndugu waombolezaji, mimi Wendell, mdogo wake na mtoto pekee aliyebaki katika nyumba ya Mzee Eino Kinnunen, nasimama kwa niaba ya familia kuwasomea maisha ya kaka yangu, na shemeji Darlene ameniomba nisome yaliyoandikwa tu, nami nitajitahidi.

Arvid alizaliwa tarehe 9 Aprili 1951 hapa Baraga, Michigan, akiwa na kilo nne na nusu, nami nikamfuata miaka miwili baadaye nikiwa na mbili na nusu, na tangu siku hiyo mama hakuacha kutulinganisha.

Alisoma hapa hapa, akahitimu sekondari mwaka 1969, akaajiriwa kiwanda cha mbao hadi alipostaafu mwaka 2013. Tarehe 16 Juni 1973 alifunga ndoa na Darlene, ambaye mimi ndiye niliyetangulia kucheza naye dansi, wengi wenu mlikuwepo, wakajaliwa binti mmoja, Kristine.

Baba alipofariki mwaka 1988 tuligawana shamba katikati, kila mmoja akatenga kipande cha kuwapandia kulungu chakula, ili Novemba msimu wa kuwinda kwa bunduki ukifunguliwa wawe wameshazoea kuja. Mimi nilimwaga mbolea kila masika, nikavuna magugu. Arvid alipeleka udongo ukapimwe, akaambiwa ni mchachu mno, akamwaga chokaa tupu na kukaa mwaka mzima bila kupanda kitu, nami nikawa namcheka kila nikipita, hadi mwaka uliofuata klova yake, majani ya malisho wanayoyapenda kulungu, ilipofika magotini, na kulungu wangu, waliozaliwa kwangu, wakaanza kuvuka mpaka wa shamba mchana kweupe kwenda kula kwake. Iliniuma, na bado inaniuma. Alinieleza mara nyingi kwamba udongo mchachu unaibania mimea mbolea mpaka utiwe chokaa, lakini kaka aliyekufundisha kufunga kamba za viatu humtaki akufundishe na kulima, hivyo sikuweka chokaa, na lile dume la pembe zenye ncha kumi na mbili, ambalo kichwa chake kimetundikwa sebuleni kwake, liliuawa kwake, ingawa kiangazi chote lililala kwangu.

Februari mwaka huu aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akatibiwa mjini Marquette, akafariki nyumbani tarehe 21 Oktoba. Jumapili iliyotangulia aliniita kitandani, akaniambia amekubaliana na Darlene kwamba mwili wake uchomwe, na majivu yamwagwe kwenye kipande changu.

“Majivu yanafanya kazi ya chokaa, bwana mdogo,” alisema. “Mimi mzima sijazi hata nusu mfuko, lakini angalau utakuwa umeanza.”

Nikamwambia watu watasema kulungu wakija kwangu ni wake.

“Na watakuwa wamesema kweli,” akajibu, akacheka mpaka Darlene akaja kumpa maji.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuletea mikate ya nyama na kahawa, na wenzake wa kiwandani waliompasulia kuni. Tukishakula tutakwenda shambani kummwaga, na mtakuta kipande changu kimeshakuwa cheupe, kwa sababu jana nilileta lori zima la chokaa nikaitandaza yote, ili klova ikiota mwakani asije akasifiwa yeye peke yake.

Pumzika kwa amani, kaka, upande wangu.