Nyumba Moja Iliyosazwa na Moto Kambi Mbao

RISALA YA WAKAZI WA KAMBI MBAO, KITALE, SIKU YA KUFUNGULIWA KWA BARABARA YA MTAA, JUNI 2007

Mgeni rasmi, wageni waheshimiwa, na wewe jirani uliyesimama kwa kukosa kiti,

KARIBU

Umefika kwa gari hadi mlangoni pa kanisa letu. Kwako huenda ni jambo la kawaida. Kwetu, wapo walioamka mapema ili waone tu magurudumu yakipita, maana hapo ulipoegesha hapakuwahi kupita hata mkokoteni. Karibu sana. Utuwie radhi, risala hii itamzungumzia zaidi mtu mmoja. Lakini ukimjua yeye, umetujua sote.

TULIKOTOKA

Wazee wetu waliletwa hapa na kiwanda cha mbao. Kiwanda kilipofungwa wao walibaki, wakajenga kwa mabaki ya mbao, nyumba zikaegemeana kama watu wanaosinzia. Januari 2005, kiangazi kikiwa kikali na upepo ukishuka kutoka Mlima Elgon, moto ulizuka mchana. Gari la zimamoto lilifika mapema. Lilisimama barabara kuu likilia tu, kwa sababu vichochoro vyetu vilitosha mtu mmoja na mtungi wake wa maji. Tulimpoteza mzee Kiplimo, ambaye alikuwa haondoki kitandani.

Jua likizama, nyumba moja tu ilikuwa imesimama. Ilikuwa ya Pauline Nafula, mjane anayeshona sare za shule. Asubuhi hiyo alikuwa amekandika kuta kwa udongo, na moto ulipozikuta mbichi ukazunguka ukaenda zake. Pauline alisimama mlangoni akiona haya kuwa na paa. Watoto wetu walilala kwake, wamepangana hadi chini ya cherehani.

MJI WA KAMBA

Kisha alikuja mpangaji miji, binti anayeitwa Chepkosgei. Hakuja na ramani iliyokwisha kuchorwa. Alisema, “Kabla sijachora, nionyesheni mnapopitia mkienda kuteka maji.” Tukamwonyesha. Tukapigilia vigingi juu ya majivu, tukavuta kamba za katani: hapa nyumba, hapa mfereji, hapa barabara ya kutosha gari la zimamoto.

Mgeni rasmi, siku zile zilikuwa kama ndoto. Watu walianza kuishi ndani ya kamba kabla hapajasimama ukuta wowote. Wilkista, jirani yetu wa kule chini, alifagia kila asubuhi chumba kisichokuwepo. Mtu akikatiza aliambiwa, “Si huo ni ukuta wangu unapita? Zunguka mlangoni, bana.” Naye alizunguka, akabisha hodi hewani, akakaribishwa. Jioni Pauline, akishona mlangoni pake, aliona moshi ukipanda kutoka majiko yasiyo na jikoni, na watu wakipishana taratibu katika njia pana, hakuna aliyemkanyaga mwenzake. Mji mzima ulikuwa umekaa juu ya majivu, mwepesi. Alihisi kwamba akikohoa utapeperuka.

Lakini kamba ya barabara ilishuka imenyooka kutoka kanisani, ikafika kwake, ikapinda. Aliyeipindisha ni mwenyekiti wetu, Wanyonyi. Nani angemwendea mama ambaye hata moto ulimhurumia, amwambie abomoe?

Pauline alimwita Chepkosgei.

“Gari likifika hapa kwangu, litakata hiyo kona?”

Chepkosgei aliangalia chini. “Halitakata, mama.”

“Na kule chini kunakaa nani?”

“Wilkista. Na ile shule ya watoto wadogo.”

Pauline alirudi kwenye cherehani yake. Alfajiri, kama alivyotusimulia baadaye, aliota barabara imepita katikati ya chumba chake, pole pole kama maji, na watu wote wa mtaa wakitembea juu yake bila viatu, mzee Kiplimo pia, naye akitembea kwa miguu yake mwenyewe. Kila aliyepita alimsalimu kwa jina. Kulipokucha alimkuta Wanyonyi kwenye vigingi, akamwambia, “Nyoosha hiyo kamba.”

“Mayi, mama yetu, hapana. Ile nyumba ndiyo peke yake tuko nayo.”

“Ndiyo nasema unyooshe.”

Kisha akatoa cherehani nje, akashika jembe, akaupiga ukuta wa kwanza yeye mwenyewe. Udongo ule aliokandika ulikuwa umekauka vizuri na haukuanguka upesi. Tulisimama tukimtazama, halafu tukamsaidia.

TULICHOPATA

Barabara imekamilika. Mifereji inapitisha maji ya mvua bila kuingia vitandani mwetu. Mwezi wa tatu mwaka huu jiko lililipuka kwa Wilkista, na gari la zimamoto likashuka moja kwa moja, likapita pale palipokuwa kitanda cha Pauline. Iliungua nusu ya paa. Hakuna aliyeumia, na shule ilifunguliwa kesho yake.

KINACHOTUUMA

Viwanja vilipogawanywa, ofisi iliyohusika ilisema ni vya waliounguliwa. Pauline alikwenda kama wengine. Akaambiwa, “Mama, wewe hukuungua.”

Akajibu, “Ni kweli, sikuungua.” Akarudi akafunga mizigo yake.

Sasa anaishi Bungoma kwa kaka yake, Khisa, na anashonea barazani. Tukimpigia simu anasema hana neno. Lakini Khisa alitueleza kwamba mteja akimuuliza kwao ni wapi, huanza kumwelekeza: ukifika Kitale, shukia stendi, uliza Kambi Mbao, lipite kanisa, teremka. Hapo huvuta kitambaa, akaendelea kushona.

TUNAYOOMBA

Tunaomba mabomba ya maji yafike hadi shuleni. Tunaomba wapangaji wa vyumba nao wapate hati za kuwalinda, kwa sababu moto haukuuliza nani ni mwenye nyumba.

Ombi kubwa ni hili. Nyumba za upande wa kushoto zote zimesogea kando kidogo, kila mtu kwa hiari yake, na kati ya Wilkista na Wanyonyi pamepatikana kiwanja. Jumamosi iliyopita tulichimba msingi bila kibali. Ikiwa ni kosa, ni letu sote, na tuko hapa. Tunakuomba, kabla hujarudi ofisini, utembee hadi pale, ukubali kiwe kiwanja halali cha Pauline Nafula.

Yeye mwenyewe hajui. Tulimwita kutoka Bungoma tukimwambia aje tu kula pamoja nasi, na sasa hivi ndipo anasikia haya. Amekaa safu ya nyuma, amevaa kitambaa cha kijani. Tunamjua, atataka kuinuka aondoke kimya kimya. Kwa hiyo tumemketisha katikati, Wilkista kulia kwake, Wanyonyi kushoto, na wote wawili wameambiwa wamshike mkono.

Mungu akuongoze katika kazi yako, ailinde nyumba yako na jua kali na mvua kubwa, na usikose majirani siku utakapowahitaji.

Ni sisi,
Wakazi wa Kambi Mbao, Kitale.
Imesomwa kwa niaba yao na Edinah Chepkorir.