Tapu Iliyomtoa Jicho Fundi Ooko

Wasikilizaji wapendwa, shikamooni wazee wetu, na ninyi wengine hamjambo. Popote mlipo, jikoni, dukani au mwaloni mnakoshusha samaki, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka fundi Ooko Owuor, aliyefariki nyumbani kwake Nyegezi, hapa Mwanza, na kuzikwa wiki iliyopita kwao Mara, kando ya ziwa. Wengi mlimfahamu. Ni yule fundi baiskeli wa jicho moja aliyekaa pembeni ya barabara. Mlimpa baiskeli, akaitengeneza, mkaenda zenu. Ni wachache sana waliomuuliza jicho la pili lilikwenda wapi.

Jicho lilikwenda na tapu.

Kwa wasiojua, tapu ni kifaa cha mafundi vyuma. Ni chuma chembamba chenye meno. Fundi hukizungusha ndani ya tundu ili kikate njia ya kuingiza boliti. Ni kigumu sana, lakini hakipindi. Ukikilazimisha kinakatika kama chupa, na kipande kinabaki kimeng'ang'ania ndani ya tundu. Kukitoa kunataka subira.

Ooko alikuwa na subira hiyo. Mjane wake, mama Perez, aliniambia akicheka huku machozi yanamtoka: "Alikuwa mtu wa taratibu mpaka anakera. Akila samaki, chai inapoa, ugali unapoa, yeye bado anachambua. Mifupa anaipanga pembeni ya sahani kama vipuri."

Ooko alikuja Mwanza akiwa kijana, akajifunza ufundi kwenye karakana ya shirika la umma. Hapo alikutana na Masalu, Msukuma wa Misungwi. Walichangia chumba kimoja na sufuria moja kabla hawajaoa. Siku Ooko anafunga ndoa, Masalu ndiye aliyesimama pembeni yake kanisani. Tangu siku hiyo akamwita Perez shemeji, na binti yao Jasmin alipozaliwa, Masalu alimbeba kabla hata babu yake hajamwona.

Kisha mashirika yakaanza kuuzwa. Mnakumbuka miaka hiyo. Watu walifika kazini asubuhi wakakuta kufuli getini. Ooko alizunguka mjini mpaka akapata kazi kwenye kiwanda kimoja cha minofu ya sangara, huko ufukweni. Masalu alikuwa bado anauza mitumba na watoto wanalala na uji. Ooko akaenda kwa msimamizi wa karakana, mtu aliyeitwa Obedi, akamwombea rafiki yake. Akaomba, akarudi tena, mpaka Obedi akakubali.

Narudia, kwa waliofungua redio sasa hivi: Ooko ndiye aliyemwombea Masalu kazi.

Obedi alikuwa na msemo wake. Kila asubuhi aliwaonyesha mafundi geti, akasema, "Pale nje kuna watu wengi kuliko samaki ziwani." Hakuhitaji kuongeza neno.

Ilikuwa mwaka tisini na nne. Asubuhi hiyo mashine ya barafu ilikuwa imesimama. Tundu moja la boliti lilikuwa limelika nyuzi zake, yaani ile njia ya kuingiza boliti, na Masalu alipewa kazi ya kukata nyuzi mpya. Ooko alikuwa upande wa pili, kwenye mashine ya kukereza vyuma. Samaki wa visiwani walikuwa wanashushwa, na barafu hakuna. Masalu akaizungusha tapu kwa haraka, mbele tu, bila kuirudisha nyuma ili itoe vumbi la chuma. Ikalia "ta!" ikakatika.

Ooko aliacha kazi yake akaja. Masalu alikuwa ameweka chini mpini wa kuzungushia tapu na kurudi nyuma, uso umemshuka. Ooko akauokota ule mpini, akainama kuchungulia tundu. Hivyo ndivyo Obedi alivyomkuta: ameinama, mpini uko mkononi.

"Ooko! Umevunja?"

Ooko akamtazama Masalu. Masalu alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa. Anafuta, anafuta. Kisha akasema, "Nilimwambia aende taratibu, bosi."

Wasikilizaji wapendwa, baadaye Perez alimuuliza mumewe kwa nini hakujitetea papo hapo. Akamjibu, "Nilidhani anatania. Nikawa namngoja acheke."

Masalu hakucheka. Tapu haikuvunjwa na Ooko. Ilivunjwa na Masalu. Lakini Ooko ndiye aliyeambiwa aitoe, na aitoe haraka.

Alianza kwa njia yake. Alipuliza vumbi la chuma likatoka tunduni. Akamimina mafuta ya taa. Akachukua nyaya ngumu, akazipenyeza kwenye vile vijia vya ubavuni mwa tapu, akaanza kukishawishi kile kipande kirudi. Mbele kidogo, nyuma kidogo. Kikaanza kucheza. Ooko alikisikia kwenye vidole, akasema, "Kinakuja."

Obedi akasema, "Unabembeleza chuma kama mtoto? Samaki wanaoza! Chukua panchi, piga!"

"Bosi, kitapasuka. Nipe muda."

"Piga!"

"Basi nipate miwani ya kazi."

"Miwani iko stoo, na mwenye ufunguo kaenda mjini. Unapiga, au unatoka nje ya geti?"

Ooko akamtazama tena rafiki yake. Na Masalu, wasikilizaji wapendwa, akaenda ukutani, akachukua nyundo, akamletea.

Ooko aliweka panchi, kile chuma cha kugongea, juu ya kipande, akapiga mara ya kwanza. Akapiga ya pili. Ya tatu, kipande kikapasuka, na kibanzi kikaruka kikamwingia kwenye jicho la kushoto. Alianguka kwa magoti, mikono usoni, damu inapita kati ya vidole. Na juu yake, kwa sauti ya furaha, Obedi akapiga kelele: "Imetoka!"

Tundu lilikuwa wazi. Fundi mwingine alimruka Ooko pale sakafuni, akaingiza boliti. Kabla Ooko hajafika getini, aliisikia mashine ya barafu ikinguruma.

Gari la kiwanda lilikuwa limekwenda kuchukua samaki. Basi Masalu alimpakia Ooko nyuma ya baiskeli, akampeleka hospitali. Njiani Ooko akamwambia, "Masalu, ukirudi uwaambie."

"Nitawaambia, ndugu yangu."

Jicho halikupona. Madaktari walilitoa. Alipopata nguvu, Ooko alirudi kiwandani. Obedi hakumruhusu kuingia. Alimwambia palepale getini, "Fundi wa jicho moja atanipimia nini? Halafu uharibifu uliuleta mwenyewe."

Ooko alisema, "Muulize Masalu. Nitakubali atakalosema."

Masalu akaitwa. Alikuwa amevaa ovaroli jipya, kwa sababu sasa yeye ndiye aliyekuwa kwenye mashine ya kukereza, mahali pa Ooko. Akatazama chini. "Ni kama bosi alivyosema."

Geti likafungwa.

Perez alianza kukaanga mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki minofu ikishatolewa kwenda Ulaya. Aliyanunua kwenye kiwanda kilekile. Ooko akakaa barabarani na pampu ya baiskeli. Jasmin, ambaye sasa ni mama wa watoto wawili, alisema, "Mjomba Masalu alipita kila jioni akitoka kazini. Alikuwa anavuka barabara ili apite kushoto kwa baba, upande ambao haoni. Alidhani baba hajui. Baba alikuwa anaujua mlio wa baiskeli yake. Aliitengeneza yeye zamani."

Nikamuuliza, baba yako alisema nini? "Alikuwa anasimamisha pampu mpaka baiskeli ipite. Halafu anaendelea na kazi."

Mwaka huu kifua kilimlaza Ooko. Masalu alisikia, akaja na sukari na sabuni, akapiga hodi. "Shemeji, naomba nimwone." Perez alitaka kumfukuza. Sauti ikatoka chumbani: "Mwache aingie."

Masalu alipiga magoti kando ya kitanda. Akasema yote. Tapu niliivunja mimi. Nilikusingizia. Nyundo nilikuletea mimi. Getini nilisema uongo kwa sababu niliitaka ile mashine. Alilia mpaka shuka likalowa. Ooko alimsikiliza mpaka mwisho, taratibu, kama kawaida yake. Kisha akauliza, "Haya umemwambia nani mwingine?"

"Hakuna. Wewe tu."

"Mimi?" Ooko akasema. "Mimi nilikuwepo."

Akageukia ukuta. Masalu alikaa pale chini mpaka Perez alipomwambia inatosha, aende. Ooko hakusema naye tena, na baada ya siku chache akafariki.

Wasikilizaji wapendwa, mtajiuliza kwa nini nimelitaja jina la Masalu hewani. Nilimtafuta. Hakukana hata neno moja. Alisema, "Litaje. Useme ni mimi. Wasiojua wajue." Nikampelekea Perez salamu hizo, nikidhani zitampunguzia uchungu. Alinitazama, akageuza mapanki kwenye karai, akasema, "Mwambie amechelewa. Ooko yuko ardhini, na huko redio haisikiki."

Sisi sote hapa kituoni tunampa pole mama Perez. Pole Jasmin, pole wajukuu, na poleni ndugu wote wa Mara mliompokea akirudi nyumbani. Mungu amlaze fundi Ooko mahali pema.

Na wewe unayenisikiliza, huenda kuna mtu mahali fulani anabeba lawama ambayo ni yako. Kama bado yuko hai, zima redio sasa hivi. Usiende kwake, yeye anajua. Nenda kwa wale waliomhukumu, ukawaambie.