Bastola ya Rubani

Ndani ya basi la kutoka Thika, Wakonyo alimweleza mzee Tahir, abiria aliyeketi kando yake, jinsi alivyofutwa kazi ya kukagua mizigo uwanja wa ndege.

“Nilipata bastola kwenye mkoba wa rubani, nikaripoti. Akasema aliisahau humo tangu juzi. Wakubwa wakacheka naye, akaenda kurusha ndege. Mimi nikaulizwa juzi ilipitaje.”

“Juzi ulikuwa zamu?”

“Nilikuwa. Lakini siku hiyo mkubwa wangu alitukataza kufungua mikoba ya marubani.”

“Ungefungua tu, mama.”

“Ningefutwa siku hiyo hiyo, mzee!”

“Na kama mwanangu angekuwa kwenye hiyo ndege?”

Basi liliposimama Ruiru Wakonyo alishuka, na mzee akasogea kwenye kiti cha dirishani alichokiacha.