Mama Ramani, Aliyekataa Kuchora Ukuta

Marehemu dada yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Ramani, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, binti wa fundi wa mabehewa. Milango yote ilitazama ua mmoja. Mtoto akilia, mama yeyote alimbembeleza; akikosa adabu, mama yeyote alimchapa. Siku hizi jirani anajulikana kwa rangi ya geti lake.

Alisoma shule ya reli, kisha sekondari ya wasichana, na mwaka 1973 akahitimu mipango miji katika chuo cha ufundi, msichana pekee darasani. Kaka yake mkubwa, ambaye hakupelekwa shule, alijisomea vitabu vyake kila likizo.

Mwaka 1974 aliajiriwa na idara ya nyumba ya manispaa. Nyumba za kupangisha watu wa kipato kidogo alizichora kama kwao: jiko linatazama ua, mama apike huku akiwaona watoto. Mwaka 1988 mkuu wake alimtaka atenganishe nyumba hizo na zile za kuuzwa.

"Wanunuzi hawataki kutazama kamba za nguo za watu."

"Kwani wao, bosi, nguo zao hazifuliwi?"

"Mama, chora ukuta."

"Tafuta mkono mwingine."

Mkono mwingine ulipatikana. Ukuta ulijengwa, na upo hadi leo. Yeye akahamishiwa idara ya makaburi, wenzake wakimtania kwamba sasa kapata wapangaji wasiolalamika. Hakununa. Aliupima uwanja huu wa makaburi tuliposimama, akakataa katakata kutenga sehemu ya wakubwa: kila anayeletwa hulazwa kando ya aliyemtangulia. Hapo walishindwa kumhamisha. Wangempeleka wapi tena?

Tarehe 6 Agosti 1977 aliolewa na seremala aliyekuja kutengeneza meza yake ya kuchorea, kisha akawa anarudi kuikagua ingawa ilikuwa nzima kabisa.

Mwaka 2023 figo zilianza kumsumbua. Alifariki alfajiri ya Jumanne, tarehe 3 Juni 2025, binti yake akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, binti mmoja, wana wawili, wajukuu na kaka yake.

Manispaa, kwa heshima, iliipa familia nafasi karibu na lango. Shemeji yetu alishukuru, akakataa: "Mnataka anifukuze siku nikimfuata?" Hivyo kushoto kwake amelala muuza maji aliyezikwa jana, na kulia pako wazi kwa atakayekuja, hata awe nani.

Mungu amlaze kwa amani miongoni mwa majirani zake.